Anzeni na ahadi: jinsi ya kupanga hafla ya ndoa ya kwenu wenyewe

Harusi nyingi hupangwa kuanzia ukumbi, nguo na idadi ya wageni. Ile nusu saa inayowafanya watu wawili wawe wanandoa hubaki mwisho kabisa, ikajazwa maneno yoyote yatakayopatikana. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake. Ni wa wale walioamua kufunga ndoa kwa hafla waliyoitunga wao, chini ya mwongozaji waliyemchagua wao: mtu anayekaa nanyi, anawasikiliza, anaandika maneno ya siku hiyo kwa ajili yenu tu, kisha anasimama mbele ya wageni na kuiendesha hafla yote. Rai yangu ni kwamba hafla nzima ipo kwa ajili ya dakika tatu nne za ahadi. Mkishajua mtaahidiana nini, maamuzi mengine mengi huwa mepesi.

Hatua ya 1: Ulizeni sheria kabla ya kulipa chochote

Kuna ndoa mbele ya sheria, na kuna hafla mbele ya watu. Katika baadhi ya nchi mtu mmoja anaweza kufanya yote mawili kwa mara moja. Kwingine haiwezekani, na wenye harusi huja kugundua wakiwa wameshasambaza kadi.

Mfano mzuri ni Australia. Mwaka 1973 Mwanasheria Mkuu wa huko, Lionel Murphy, alianza kuteua raia wa kawaida, wasio viongozi wa dini wala maofisa wa serikali, wafungishe ndoa kwa mujibu wa sheria. Wa kwanza kuteuliwa alikuwa mwanamke, Lois D'Arcy. Leo ndoa nyingi za nchi hiyo hufungishwa na watu wa aina hiyo. Lakini uhuru huo una masharti yake: taarifa ya kusudio la ndoa lazima imfikie mwongozaji angalau mwezi mmoja kabla, na isizidi miezi 18, kuna sentensi ambazo sheria inamtaka yeye azitamke, na nyingine ambazo maharusi wenyewe hawawezi kuziruka, na lazima wawepo mashahidi wawili waliotimiza miaka 18.

Uskoti waongozaji wa kihumanisti, wanaoendesha hafla zisizo za kidini, wamekuwa wakifungisha ndoa halali tangu 2005. Fomu ya ndoa huchukuliwa kwa msajili kabla ya siku yenyewe, na ikishasainiwa hurudishwa ndani ya siku tatu. Vuka mpaka uingie England na mambo yanabadilika: England na Wales hafla ya mwongozaji binafsi haina nguvu ya kisheria, kwa hiyo wawili hao hulazimika pia kufunga ndoa mbele ya msajili.

Basi pigeni simu au nendeni wenyewe kwa msajili wa ndoa wa mahali mnapotaka kufungia, mumuulize mambo haya: Je, mwongozaji asiye ofisa wala kiongozi wa dini anaweza kufungisha ndoa halali? Taarifa inatolewa siku ngapi kabla? Ni maneno gani ambayo hayawezi kuachwa wala kubadilishwa? Mashahidi wangapi, wa umri gani? Je, mahali penyewe panahitaji kibali? Kama mmoja wenu ni raia wa nchi nyingine au aliwahi kuoa au kuolewa, ulizeni na nyaraka zinazotakiwa, kwa sababu cheti cha talaka au cha kifo kutoka mbali huchukua muda kupatikana na kutafsiriwa.

Mkiambiwa kwamba mwongozaji wenu hana mamlaka hayo, msikate tamaa. Nendeni kwa msajili siku chache kabla, na mashahidi wenu, mkasaini, kisha mfanye hafla yenu kama mlivyoipanga. Angalieni mawili tu. Tarehe ya kwenye cheti itakuwa ile ya ofisini, na ndiyo mtakayoiandika kwenye fomu zote maishani. Pili, mwongozaji asije akasema mbele za watu "kwa mamlaka niliyopewa na sheria" ilhali hakupewa. Siku ya ahadi haifai kuwa na uongo hata mdogo, na sentensi nzuri ya kweli ipo: "Mbele ya sisi sote tuliowashuhudia, ninyi sasa ni wanandoa."

Hatua ya 2: Tafuteni msikilizaji

Mwongozaji wa hafla ya ndoa si MC wa ukumbini. MC kazi yake ni kuchangamsha watu na kusukuma ratiba. Huyu kazi yake ni kubeba jambo zito kwa saa isiyotimia, na sifa inayotangulia ni kusikiliza. Mkikutana naye mara ya kwanza, angalieni nani anaongea zaidi. Anayetumia kikao chote kueleza harusi kubwa alizowahi kuendesha atawaletea harusi hizo hizo, majina tu yakiwa yamebadilishwa.

Mwombeni awaonyeshe skripti ya hafla iliyopita, majina yakiwa yamefutwa, na video au rekodi ya sauti yake. Someni skripti hiyo mkijiuliza: je, baada ya kurasa mbili nawajua watu hawa? Kama maneno yangeweza kusemwa juu ya mtu yeyote, endeleeni kutafuta.

Kisha zungumzeni mambo ya mkataba bila kuona haya. Atakutana nanyi mara ngapi? Je, mtaisoma skripti yote kabla, na mnaruhusiwa kurekebisha mara ngapi? Mazoezi yamo kwenye malipo? Anaendesha hafla ngapi kwa siku, maana mwenye nyingine saa mbili baadaye atakuwa anaangalia saa? Na akiugua, nani atasimama badala yake? Wenye uzoefu huwa na jibu la swali hili la mwisho tayari, na huwa na jina. Waongozaji wazuri huwahiwa, hasa siku za Jumamosi, kwa hiyo anzeni kutafuta miezi tisa hadi 12 kabla mkiweza.

Wengine humpa kazi hiyo rafiki au ndugu. Inaweza kuwa nzuri sana, hasa pale ambapo upande wa sheria unamalizwa ofisini. Ila mwelezeni kazi yenyewe mapema: ataandika, atafanya mazoezi, na siku hiyo hatakuwa mgeni wa kukaa na kufurahia. Msimpe kwa sababu tu ana sauti nzuri au atakasirika asipopewa.

Hatua ya 3: Mpeni mwongozaji mambo ya kuonekana

Mwongozaji mzuri atawauliza maswali mengi, na mara nyingi ataomba kila mmoja ajibu peke yake. Kubalini. Majibu yakitofautiana kidogo ndipo hadithi inaponoga, kwa sababu kila mmoja anakumbuka kitu ambacho mwenzake hakukiona.

Tabu kubwa hapa ni sifa za jumla. Mtu akiulizwa kwa nini anampenda mwenzake huandika: "Ni mtu mwenye upendo, mkarimu, anayejali." Wageni wakisikia hivyo hawaoni kitu. Ukimwuliza tena, alijali lini, alifanya nini, unapata hiki: "Nilipofiwa, alikuja bila kuitwa, akaosha vyombo vyote vilivyokuwa jikoni, akaondoka bila kutoa hotuba." Hapo kila aliyekaa kwenye kiti ameshamjua mtu huyo. Kila mnapoandika sifa, andikeni na tukio moja linaloithibitisha. Semeni pia mambo madogo: nani huchelewa, nani hupoteza funguo, mnagombania nini na hupatana vipi.

Mwambieni vilevile yasiyotakiwa kusemwa. Ndoa iliyovunjika, mtoto aliyepotea, ugomvi na mzazi, ugonjwa. Akiyajua ataweza kuyakwepa, au kuyagusa kwa heshima pale mtakapotaka.

Hatua ya 4: Andikeni ahadi kabla ya kitu kingine

Hapa ndipo pa kuwekea muda wenu. Kaeni kwanza pamoja mkubaliane mambo ya nje: urefu, kama mtaongea kwa uzito au mtachanganya na utani kidogo, na kama mtasomeana kabla au mtayasikia siku hiyo hiyo. Mkitaka iwe siri, kila mmoja ampelekee mwongozaji peke yake, naye awaambie kama mmoja ameandika nusu ukurasa na mwenzake mistari miwili. Dakika moja na nusu kwa kila mtu inatosha kabisa.

Rasimu ya kwanza karibu ya kila mtu hufanana na hii:

"Nakuahidi kukupenda daima, kuwa nawe katika raha na shida, na kukufurahisha kila siku ya maisha yetu."

Hakuna baya ndani yake, ila hakuna pia kitu cha kushika. Tena kumfurahisha mtu kila siku ni jambo lisilowezekana, na ahadi isiyowezekana haimfungi mtu. Jiulizeni: mwenzangu anahofia nini juu ya maisha nami? Ninajijua nina udhaifu gani? Ni nini nitakachofanya hata siku nisiyojisikia kukifanya? Baada ya maswali hayo, rasimu ile ile inaweza kuwa hivi:

"Nakuahidi kwamba tukikosana sitanuna. Nitakuja nikae, nikusikilize mpaka mwisho, ndipo niseme langu. Nakuahidi kwamba mama yako akiugua, safari ya kwenda kumwona ni yangu pia. Sijui maisha yatatupeleka wapi, ila popote pale nitakuwa upande wako, hata siku ambayo sikubaliani nawe."

Hii ya pili inaweza kuvunjwa, na kwa sababu hiyo ina uzito. Mwenzako akiisikia anajua unajua unachosema. Ahadi tatu au nne za namna hii zinatosha. Moja iwe ya kila siku, moja iwe ya siku ngumu.

Someni kwa sauti, mkiwa mmesimama. Sentensi inayokukata pumzi chumbani itakukwamisha zaidi ukiwa na machozi. Igawe. Kama mmoja wenu ana haya au ana kigugumizi, msilazimishe: mwongozaji anaweza kuuliza swali refu na yeye akajibu "Ndiyo, naahidi," au akamtamkia vipande vya maneno manne matano ayarudie. Ahadi iliyoandikwa na ninyi na kurudiwa kwa vipande bado ni yenu. Na pale ambapo sheria ina maneno yake ya lazima, mwongozaji ayapange yaje kabla au baada ya yenu, yatamkwe yote kwa ukamilifu.

Hatua ya 5: Jengeni hafla kuzizunguka ahadi

Sasa mna katikati ya hafla. Mengine yanawaandaa watu kuzisikia ahadi hizo, au yanazihitimisha. Mpangilio unaokaa vizuri ni huu: maharusi kuingia, ukaribisho, hadithi yenu, somo au shairi, maswali ya ridhaa, ahadi, pete, tendo la ishara kama lipo, tangazo kwamba mmekuwa wanandoa, kusaini, kutoka. Hadithi ipate dakika tano hadi saba, ukaribisho mbili. Jumla isivuke nusu saa, na kama wageni wamesimama au wako juani, iwe dakika 20.

Msiweke shairi na wimbo na tendo la ishara vyote vikifuatana kabla ya ahadi, kwani wageni watafika pale wamechoka. Na msikatishe kati ya ahadi na pete kwa tangazo la picha au la simu. Matangazo ya aina hiyo yasemwe mwanzoni, kabla maharusi hawajaingia. Hapo ndipo mwongozaji awaombe watu waweke simu chini, kama hilo ndilo mnalotaka.

Somo lichaguliwe kwa sababu linasema jambo mnaloliamini, na msomaji apewe karatasi yake wiki kadhaa mapema. Msomaji mmoja aliyefanya mazoezi anapendeza kuliko watatu wa kubabaisha.

Hatua ya 6: Tendo la ishara, moja tu au hapana

Wengi hupenda kufanya jambo kwa mikono: kuwasha mshumaa mmoja kutoka miwili, kumimina mchanga wa rangi mbili katika chombo kimoja, kufungwa mikono kwa utepe, au kupitisha pete mikononi mwa wageni kabla hazijavaliwa. Chagueni moja lenye maana kwenu. Mshumaa nje ya nyumba huzimwa na upepo, hivyo utepe au mchanga ni salama zaidi. Pete za kupitishwa zifungwe kwenye utepe zisidondoke, zianze safari mapema wakati hadithi inasomwa, na kama wageni ni wengi zipite mstari wa mbele tu. Vinginevyo mtasimama mkizisubiri.

Kama kuna watoto wa kutoka ndoa ya awali, hapa ndipo mahali pao pazuri. Mtoto anaweza kumimina mchanga wake, au mkamwahidi yeye pia jambo. Lakini mwulizeni kwanza, na akisema hataki, iwe hivyo.

Hatua ya 7: Ndugu, dini na waliotangulia

Hafla ya namna hii huwaumiza baadhi ya wazee, hasa walioitarajia ibada. Waendeeni mapema, wasije wakayasikia pembeni. Waelezeni mnachofanya na kwa nini, kisha waulizeni kama wangependa kusema neno. Baraka fupi ya mzazi, au dakika ya kimya ambamo kila mtu ataomba kwa imani yake, hugharimu kidogo na huponya mengi. Hakikisheni tu kwamba mnachokiruhusu mnakiamini, au angalau hakiwakani ninyi. Pale ambapo ndoa inafungishwa na msajili wa serikali, ulizeni kwanza. England na Wales, kwa mfano, ndoa ya kiserikali hairuhusiwi kuwa na maneno ya kidini.

Waliofariki watajwe mwanzoni, mara baada ya ukaribisho, kwa jina na kwa sentensi moja mbili. Mkiwataja karibu na ahadi, sauti zitawakatika wakati mnazihitaji.

Familia zikiwa na lugha mbili, msitafsiri kila sentensi. Hafla itakuwa ndefu maradufu. Ukaribisho na tangazo viwe kwa lugha zote mbili, ahadi kila mmoja aseme kwa lugha ya moyo wake, na tafsiri yake ichapishwe kwenye karatasi waliyonayo wageni.

Hatua ya 8: Wageni wasikie

Maneno mliyohangaika nayo miezi mitatu yanaweza kupotea kwa sababu ya spika moja. Wageni wakizidi 30, au mkiwa nje, mnahitaji kipaza sauti. Mwongozaji avae kidogo cha kubana kwenye nguo ili mikono ibaki huru kushika skripti. Kwa ahadi, kiwepo cha mkononi ambacho yeye mwenyewe anawashikia, karibu na kidevu. Cha nje kiwe na kifuniko cha sponji cha kuzuia upepo. Mtu wa sauti aje kujaribu saa moja kabla, na jaribio lifanywe kwa kusoma aya nzima ya skripti huku mtu mwingine amesimama mstari wa nyuma kabisa akisikiliza.

Kusimama nako kuna namna yake. Maharusi wakimtazama mwongozaji, wageni wanaona migongo. Geukeni mtazamane, kisha kila mmoja asogeze mguu wa upande wa wageni hatua ndogo nyuma, ili nyuso zionekane. Mwongozaji asimame katikati nyuma yenu wakati wa hadithi, na akishatamka tangazo atoke pembeni mara moja. La sivyo picha ya busu lenu la kwanza itakuwa na uso wake katikati. Angalieni pia jua liko wapi saa hiyo hiyo ya hafla, siku kadhaa kabla, ili asiwepo wa kukodolea macho mwanga.

Hatua ya 9: Mazoezi

Fanyeni mara moja, mahali penyewe, siku moja au mbili kabla, pamoja na wasimamizi, wasomaji na anayeshika pete. Anzeni na kusimama mahali penu, halafu zoeeni kutoka, mwisho kuingia. Watu wakishajua wanakokwenda, kuingia huwa rahisi. Msisome ahadi zenu siku hiyo. Semeni mstari wowote ili mjue sauti inafika wapi.

Zoeeni pete. Anayezishika asizifungie kwenye kisanduku kigumu kufungua. Atoe moja moja. Vidole huvimba kidogo kwenye joto, kwa hiyo pete isukumwe mpaka kwenye kifundo na mwenye kidole amalizie mwenyewe. Amueni nani atashika maua wakati huo.

Hatua ya 10: Siku yenyewe, na karatasi

Skripti ichapishwe kwa herufi kubwa na kuwekwa kwenye jalada gumu. Simu huzima, hung'aa juani na hupokea meseji. Ahadi ziwe kwenye kadi ndogo, na mwongozaji awe na nakala nyingine ndani ya jalada. Mpeni msimamizi mmoja kazi ya kushika vitambulisho, kalamu mbili zenye wino mweusi, na leso.

Kabla ya kuanza, mwongozaji azungumze na kila mmoja wenu faragha, hata dakika mbili, ahakikishe kwamba wote mpo kwa hiari yenu. Mwenye kazi yake hulifanya bila kuombwa.

Mkifika kwenye ahadi, nenda taratibu kuliko unavyoona inafaa. Machozi yakija, simama, pumua, mtazame mwenzako. Hakuna anayekuharakisha, na mwongozaji hatakiwi kujaza kimya hicho kwa utani.

Baada ya tangazo, saini kwenye meza iliyokwishaandaliwa, ninyi, mashahidi na mwongozaji, kila mtu kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kabla hamjatoka hapo, thibitisheni nani anapeleka fomu kwa msajili na mwisho ni lini, kisha agizeni nakala mbili au tatu za cheti, kwa kuwa benki na uhamiaji wakati mwingine hutaka nakala halisi. Mwombeni mwongozaji awaachie skripti pamoja na kadi zenu mbili, na muziweke kwenye jalada hilo hilo la vyeti.